Kadari na Gia Inayogoma kwa Baridi

Mkono wa gia wa baiskeli unapobonyezwa ukaenda bure, bila kutoa mlio wala kukamata kitu, mwenye baiskeli huwa na maswali mawili hata kama hayatamki. La kwanza ni la ufundi: nini kimeharibika? La pili ni la imani: kwa nini limenifika mimi, na nani kalileta? Katika nchi za baridi kali jambo hili ni la kawaida. Waswahili waliohamia Toronto au Oslo, ambako Januari kipimajoto hushuka chini ya sifuri, hulikuta asubuhi wanapotoka nje, na mara nyingi huliona likiondoka lenyewe baiskeli ikikaa ndani kwenye joto. Tunguu, katika Wilaya ya Kati ya Unguja, baridi ya namna hiyo haipo. Hata katika kipupwe, kati ya Juni na Agosti, ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 20. Na bado gia hugoma Tunguu kwa namna ileile: mkono unakwenda bure, hakuna mlio, hakuna kinachokamata. Dalili ni moja, lakini kile tulichodhani kuwa ndicho sababu hakipo. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuibua swali kubwa. Muumini anayekiri kwamba hakuna linalotokea ila kwa kadari ya Mungu ana wajibu gani mbele ya kitu kilichoharibika? Atosheke kusema kwamba ndivyo ilivyoandikwa, au atafute sababu mpaka aione? Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba imani ya kadari, ikichukuliwa kama walivyoieleza wanazuoni wake wakubwa, haimpi mtu ruhusa ya kuacha kupekua. Inamnyima ruhusa hiyo.

Tunguu ni mahali panapostahili swali hili. Barabara itokayo mjini kwenda Jozani na Makunduchi inapita hapo, na hapo pana vyuo vikuu viwili: Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1998 na chenye kitivo cha sheria na sharia, na kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Kijana anaweza kuwa anasoma itikadi na misingi ya fikihi huku mwenzake wa chuo cha pili anasoma fizikia, na wote wawili wakampelekea fundi mmoja wa kando ya njia baiskeli zao. Na baiskeli zenyewe ni za aina mbili. Zipo zile nzito za kutoka India na China, zisizo na gia, zinazobeba majani ya ng'ombe, kuni na mihogo. Hizo hazina siri nyingi. Zipo pia za mtumba kutoka Ulaya na Japani, zenye gia 18 au 21, zilizotengenezwa kwa ajili ya vilima na majira ambayo kisiwa hiki hakiyajui. Hizi za pili ndizo zinazotuletea mjadala, kwa kuwa zimeingia na matatizo yaliyoanzia mahali pengine, na maelezo ya matatizo hayo nayo yamekuja yakiwa yameandikwa kwa ajili ya mahali pengine.

Tuanze na chuma chenyewe, maana itikadi isiyokijua kitu inachokizungumzia haiwezi kukihukumu. Zamani mwendesha baiskeli alisukuma mkono wa gia taratibu, akasikiliza mnyororo, akasimamisha mkono pale mnyororo ulipotulia. Mwaka 1984 kampuni ya Kijapani ya Shimano ilileta mfumo ambao kila mbonyezo mmoja ni hatua moja iliyopimwa tangu kiwandani. Ndani ya mkono wa gia mna duara lenye meno, na vijino vidogo vinavyosukumwa na springi nyembamba ili viingie katika meno hayo, vilishike duara na kuuvuta waya. Waya huo una unene wa milimita 1.2 hivi, na katika mfumo wa gia nane za nyuma kila hatua huuvuta kwa chini ya milimita 3. Nafasi yote ya kupatia au kukosea ni hiyo. Sasa baridi inapoingia, inaweza kuleta hitilafu kwa njia zaidi ya moja. Grisi iliyotiwa kiwandani huwa nzito, na ikiwa ni ya miaka mingi, mafuta yake yamekwisha kujitenga na kilichobaki kinanata kama nta. Springi dhaifu haiwezi kukisukuma kijino kupita humo, kijino kinalala, na mkono unakwenda bure. Hiyo ni njia moja. Njia nyingine ni maji: yakiwa yameingia katika ganda la waya, yanaganda kuwa barafu, na hapo mkono hauwi mlegevu bali mgumu, au waya unavutwa usirudi. Ipo pia ya tatu, inayotajwa sana na wanaopenda fizikia, kwamba metali hunywea kwa baridi. Ni kweli. Fremu ya alumini hunywea karibu mara mbili ya waya wa chuma cha kawaida, kiasi kwamba joto likishuka kwa nyuzi 30 waya hulegea kwa kama theluthi moja ya milimita katika kila mita. Ukilinganisha na hatua ya milimita 3 si kitu cha kupuuza: mnyororo utakwaruza, utasitasita kupanda. Lakini mlegeo huo hauwezi kuufanya mkono uende bure. Anayeona mkono unakwenda bure akakimbilia kukaza waya ametaja sababu ya kweli ya jambo jingine.

Kila njia, basi, ina alama yake, na alama hizo hupimwa kwa vidole bila gharama yoyote. Bonyeza mkono usikilize: ukitoa mlio lakini mnyororo usisogee, vijino ni vizima na kasoro iko kwenye waya au nyuma yake. Usipotoa mlio, kasoro iko ndani ya mkono wenyewe. Kisha shika ule waya ulio wazi chini ya fremu, uvute kando kidogo, uachie: ukirudi kwa nguvu, ganda halikuziba, ukibaki ulipouacha, kuna kitu ndani, iwe barafu kwa Oslo au kutu kwa Unguja. Mtu aliyefanya mambo hayo mawili amekwisha kuondoa nusu ya dhana zake kabla hajafungua skrubu hata moja.

Hapo ndipo Tunguu inapotufunza jambo ambalo Oslo peke yake haiwezi kulifunza. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika Kanuni yake ya tiba masharti ya kuijaribu dawa, na mojawapo ni kwamba dawa ijaribiwe katika maradhi mawili yanayopingana, ili ijulikane kama inafanya kazi kwa tabia yake au kwa jambo lililosadifu tu. Sharti hilo linafaa vilevile kwa ugonjwa wa gia. Chukua mkono wa gia uliosafishwa ukatiwa mafuta mepesi, upeleke kwenye baridi ya Oslo: unafanya kazi. Chukua mkono wenye grisi ya miaka ishirini, ulete kwenye joto la Tunguu: unaweza kugoma pasi na baridi yoyote, kwa kuwa grisi imekauka kwa umri, kwa miezi ya kukaa ndani ya kontena, kwa jua na kwa hewa ya chumvi ya kisiwa ambacho hakina mahali palipo mbali na bahari. Kwa hiyo baridi, ambayo kila mtu wa Oslo angeapa kuwa ndiyo iliyoharibu gia, haikuwa mharibifu. Ilikuta kazi imekwisha kufanywa na miaka na uzembe wa kutosafisha. Ilikuwa ya mwisho kufika na ya kwanza kuonekana. Vivyo hivyo wale wanaosema Unguja kwamba baiskeli ya Ulaya haiwezi joto letu wanakosea kosa lilelile kwa upande wa pili. Wote wamekamata kilichokuwa karibu na macho.

Kosa hili lina mwanafalsafa wake, na ni ajabu kwamba ni yuleyule anayesingiziwa kuwa adui wa kutafuta sababu. Imam Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokimaliza mwaka 1095, aliandika mlango mashuhuri wa kumi na saba kuhusu moto na pamba. Alisema kwamba tunaona pamba ikiungua inapokutana na moto, lakini kuona hivyo kunathibitisha tu kwamba kuungua kumetokea pamoja na kukutana huko. Hakuthibitishi kwamba kumetokea kwa nguvu ya moto wenyewe. Kinachoziunganisha hali hizi mbili ni ada ambayo Mungu ameiweka, naye akitaka kuivunja huivunja. Fundisho hili, kwa muhtasari au kwa urefu, limesomeshwa pwani yetu kwa karne nyingi, kwa kuwa itikadi ya Kiashari ilifuatana na madhehebu ya Shafi'i: moto hauunguzi kwa nafsi yake, kisu hakikati kwa nafsi yake, chakula hakishibishi kwa nafsi yake. Wapo wanaolisikia wakahitimisha kwamba kutafuta sababu ni kazi bure, au hata ni kumshirikisha Mungu na grisi. Mimi nalisikia kinyume. Kama kutokea pamoja si kutokea kwa sababu yake, basi mtu wa Oslo hana haki ya kusema ni baridi kwa kuwa tu kulikuwa na baridi, na fundi wa Tunguu hana haki ya kusema ni joto kwa kuwa tu kuna joto. Shaka ya Ghazali inamkataza mtu kuridhika na kilichosadifiana, inamtaka ajaribu. Sijui fundisho jingine linalomfaa fundi zaidi ya hilo.

Wanafalsafa watapinga, na aliyepinga kwa nguvu kuliko wote ni Ibn Rushd wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1198. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba akili kazi yake ni kuvijua vitu kwa sababu zake, hivyo anayeziondoa sababu ameiondoa akili na ameondoa elimu pamoja nayo. Kama moto hauna tabia ya kuunguza, basi hauna tabia yoyote, na tukiita moto tunaita hewa. Ni hoja nzito, na sidhani kwamba Ghazali aliijibu yote. Lakini Ghazali aliiona sehemu yake inakuja, akaitaja yeye mwenyewe: mtu ataniambia, alisema, kwamba kwa maneno yangu gudulia la maji nililoliacha nyumbani huenda sasa limegeuka mtufaha. Akajibu kwamba Mungu, pamoja na uwezo wake wa kufanya hivyo, ameumba ndani yetu ujuzi kwamba hafanyi hivyo, na kwamba ada ikirudiwarudiwa mara kwa mara huipigilia imara katika akili zetu elimu ya namna mambo yanavyokwenda. Jibu hilo linatosha kwa haja yetu. Anayepekua gia hahitaji kuthibitisha kwamba grisi kavu hukizuia kijino kwa ulazima usiovunjika hata na Mungu. Anahitaji kujua kwamba ndivyo inavyokuwa, na kwamba ukiiondoa grisi kavu kijino kinashika tena. Anayemwamini Mungu, zaidi ya hapo, ana sababu ya kuitegemea ada ambayo asiyeamini hana: anaiona kuwa ni mwenendo wa Mmoja asiyebadilisha mwenendo wake kwa mchezo. Kuitazama kwa makini ni kuyachukua matendo yake kwa uzito yanaostahili.

Pingamizi zito zaidi, hata hivyo, halitoki kwa wanafalsafa. Linatoka kwa mcha Mungu wa kawaida, anayesema kwa unyenyekevu wa kweli kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na kwamba mwenye kuhangaika na kila waya ametia mashaka katika riziki na kadari. Nauheshimu unyenyekevu huo, lakini naona umekaa mahali pasipo pake. Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari za tauni, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, ambaye akilisha upande wowote atakuwa amelisha kwa kadari. Jibu hilo lilitoka kwa mtu ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kwa udhaifu wa imani. Na Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas ile habari inayojulikana na kila mtoto wa chuoni, ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake na kutegemea au amwachie na kutegemea, akaamriwa afunge kisha ategemee. Kuoza kwa grisi ni kadari, na mafuta ya taa yanayoiyeyusha ni kadari vilevile. Hakuna upande mmoja wa Mungu na mwingine wa fundi.

Ghazali huyohuyo wa moto na pamba ndiye aliyelipanga jambo hili kwa utaratibu mzuri zaidi, katika mlango wa tauhidi na tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, ndani ya kitabu chake cha Ihya. Aligawa sababu katika madaraja. Zipo za yakini, kama kunyoosha mkono kula chakula kilicho mbele yako. Mwenye njaa anayeacha kuunyoosha akisema kwamba anamtegemea Mungu, au anayengoja shamba liote bila kupanda, Ghazali hamwiti mwenye tawakuli, anamwita mwendawazimu na asiyejua mwenendo wa Mungu. Zipo za dhana yenye nguvu, ambamo ameweka tiba nyingi. Na zipo za kuwaziwa tu, zisizo na ushahidi unaozitegemeza, ambazo tawakuli inamtaka mtu aziache. Tazama alivyoupanga mstari wenyewe. Mstari wake hautenganishi sababu za mwili na imani. Unatenganisha sababu zilizothibitika kwa ada na zile zisizothibitika. Ili mtu ajue sababu fulani iko daraja gani, hana budi kuipekua. Tawakuli isiyopekua haiwezi hata kujua iache ipi na ishike ipi.

Daraja hilo la tatu ndilo lenye madhara makubwa kwetu, na napenda kulikalia. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande wa mpakani mwa Sudan Kusini ya leo na Kongo, alieleza habari ya ghala linaloanguka na kuwaumiza watu waliokaa kivulini mwake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Walichouliza ni kwa nini limeanguka wakati ule, juu ya watu wale, na jibu lao lilikuwa uchawi. Sitaki kulidharau swali hilo, kwa kuwa ni swali la kibinadamu na hakuna fundi anayeweza kulijibu: anaweza kusema kwa nini kijino kimelala, hawezi kusema kwa nini kimelala siku ya mtihani wa kijana anayetoka Bungi kwenda Tunguu. Shida inaanza jibu la swali la pili linapowekwa mahali pa jibu la kwanza. Baiskeli imegoma, jirani jana aliisifia, basi ni kijicho. Mtu ataniambia kwamba husuda si ya kuwaziwa, kwamba imetajwa katika Qurani, katika sura ya Al-Falaq. Imetajwa, na Mwislamu haikani. Lakini soma kinachoamriwa humo: mtu amefundishwa kujilinda kwa Mola wake na shari ya hasidi. Hakufundishwa kumtambua hasidi kwa jina lake, wala kumnyooshea kidole aliye nyumba ya pili, wala kuacha kuangalia waya. Anayemtuhumu jirani kwa sababu ya grisi iliyokauka amefanya dhuluma mbili, kwa jirani na kwa ukweli, na dhuluma ya kwanza hudumu kuliko baiskeli. Vidole viwili kwenye waya, kwa muda wa dakika moja, vingemwepusha na zote mbili.

Itasemwa kwamba naifanya gia kuwa kubwa mno. Unguja ni tambarare. Mwinuko wake mkubwa, Masingini, ni kama mita 120 tu, na mafundi wengi hukata shauri la haraka: huondoa gia zote, huufupisha mnyororo, huuweka kwenye duara moja la meno, na baiskeli inakwenda. Maskini anataka kufika leo, hana nafasi ya kufuatilia springi. Nakubali kwamba kuondoa gia mara nyingi ni uamuzi wa busara, na kwa njia ya Tunguu huenda ndio bora. Ninachokataa ni kuuita uamuzi huo utambuzi. Kama kasoro ilikuwa grisi, dawa yake ilikuwa mafuta ya taa ya kuoshea, kuacha yakauke, kisha matone machache ya mafuta ya cherehani, ambayo hubaki mepesi, na si grisi nyingine nzito juu ya ile kavu. Gharama yake haifiki ya mnyororo uliokatwa. Na kama kasoro ilikuwa kutu ndani ya ganda la waya wa gia, kuna waya mwingine kwenye baiskeli hiyohiyo uliopitia miaka ileile na chumvi ileile, nao ni waya wa breki. Aliyeondoa gia bila kujua kwa nini zimegoma amemwacha mwenye baiskeli ateremke na breki asiyoitazama mtu. Maskini ndiye anayehitaji kujua sababu kuliko tajiri, kwa kuwa tajiri atanunua nyingine.

Na hapo ndipo jambo dogo linapogusa makubwa. Tunasema ajali haina kinga, na maneno hayo ni faraja ya haki kwa aliyefiwa. Lakini Zanzibar imezika watu wengi baada ya maneno hayo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, nayo ilikuwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Mwezi wa Julai 2012 ikafuata Skagit, karibu na Chumbe. Waliokufa walikufa kwa ajali yao, na hilo muumini halitii shaka. Lakini kuunda tume, kuhesabu tiketi, kuuliza nani aliruhusu meli iondoke, hakukuwa kuipinga kadari, na yeyote aliyetamani uchunguzi uachwe kwa jina la kumwachia Mungu alikuwa anawaomba wafu wabebe dhima ya walio hai. Mazoea ya kutopekua hayaanzii bandarini. Hujengwa katika vitu ambavyo haviui mtu, katika mkono wa gia, katika bomba linalovuja, katika ngazi iliyolegea, mpaka yanakuwa tabia ya mji mzima.

Limebaki pingamizi moja ambalo nalikubali kwa sehemu kubwa: kupekua nako kuna mwisho. Yako mambo ambayo hata fundi hodari atayaacha bila kuyajua. Mnyororo umelika kidogo, waya umenyooka kidogo, kile kinachousogeza mnyororo nyuma kimepinda kidogo kwa kuangushwa njiani, na hakuna moja kati ya hayo linalotosha peke yake kueleza hatua inayoruka. Wanafikihi wamekubali siku zote kwamba mtu atende kwa dhana yenye nguvu pale yakini inapokosekana. Daktari hufanya hivyo, kadhi hufanya hivyo. Sharti lao ni kwamba dhana isipewe vazi la yakini. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mungu ameandika ihsani juu ya kila kitu, hata katika kuchinja, na sioni kwa nini mkono wa gia uwe nje ya kila kitu. Ihsani ya fundi hapa haimlazimu afaulu kila mara. Inamlazimu amwambie mwenye mali nini alipima, nini alikiona na nini hakukiona, kwa kuwa baiskeli ni amana mikononi mwake na habari zake ni sehemu ya amana hiyo. Akisema, "Vijino nimevisafisha na vinashika, waya wa gia na wa breki nimezibadilisha zote mbili, lakini bado sijaona kwa nini hatua ya tatu inaruka," ametoa kila alichonacho, na mwenye baiskeli anaweza sasa kuamua, akiwa na habari kamili, kama gia zibaki au ziondolewe.